Seva Iliyolala Saa ya Chai

Boito, Bomet

Kwa Baba yangu mpendwa,

Habari ya huko kwetu? Magoti yako yanasemaje na baridi hii ya Nyandarua? Na Mama, ameacha kubeba magunia ya viazi kama alivyoambiwa na daktari, au bado anatufanya sote wajinga? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, kwa sababu hapa huwezi kuingia nyumba ya mtu ukatoka bila kunywa maziwa ya mursik, na kukataa ni matusi.

Baba, najua nikifika kwa mambo ya kompyuta wewe huruka mistari. Hii usiruke. Nataka umjue mkubwa wangu wa kazi, Madam Chelangat.

Hapa kiwandani tuna kompyuta kubwa tunayoiita seva. Mkulima akipima majani yake ya chai kule kituoni, mizani hutuma uzito kwa seva, seva ikikubali, karani humwita mwingine. Sasa, mwezi uliopita seva ilianza kulala. Si siku nzima, ni asubuhi tu, halafu inaamka yenyewe. Ikilala, foleni kituoni inasimama, na majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto, yanageuka rangi, kiwanda kinayakataa. Mama wa watu amechuma tangu alfajiri, anarudi nyumbani na gunia la takataka.

Dawa yangu ilikuwa kuizima na kuiwasha. Ilipona kila mara, nami nikajiona fundi. Kesho yake inalala tena.

Wakulima wa Boito hawaijui seva. Wanamjua karani wao, Bwana Koech, baba wa watoto wanne, mtu mpole hata ukimkanyaga anakuomba msamaha. Wakamtukana. "Koech, unatuchezea! Majani inaoza ukibonyeza-bonyeza hiyo kitu!" Malalamiko yakafika kwa meneja, naye akaona rahisi kumtoa Koech kuliko kuelewa shida. Akamwambia arudishe koti na funguo, akae nyumbani hadi aitwe, na sote tulijua hataitwa.

Hapo ndipo Madam alipoingia ofisini kwa meneja bila kubisha. Mlango aliuacha wazi, tukasikia sote. "Huyu mtu tunamfuta juu ya nini? Nipe hii wiki. Nikikosa kupata shida iko wapi, tufute sisi wawili." Baba, ana mkopo wa nyumba na mama mgonjwa. Mimi ningesema pole kwa Koech na kuendelea na kazi yangu.

Nilidhani atajifungia na seva. Wapi! Alivaa gambuti akaenda kituoni Boito, akakaa karibu na mizani pamoja na akina mama. Mimi aliniacha kiwandani na amri moja. "Ikilala nitakupigia. Usizime. Fungua tu uangalie ni nani anafanya kazi humo ndani."

Simu ililia saa nne, chai ya ofisi ikimiminwa. Nilifungua nikaona ajabu. Kuna kazi ambazo seva hujifanyia yenyewe, unaziwekea saa kama unavyotega kengele ya kuamka. Nne kubwa zilikuwa zimeanza kwa mpigo: ripoti ya uhasibu, hesabu ya stoo, msako wa virusi, na kunakili kumbukumbu zote za kiwanda. Seva ilikuwa kama punda aliyepakiwa na majirani wanne, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Nikamuuliza mhasibu kwa nini alichagua saa nne. Akanishangaa. "Si hiyo ni saa ya chai? Sikutaka kusumbua mtu." Wa stoo akasema vilevile. Unajua hapa saa nne hata meneja huacha kalamu. Kila mmoja alipanga kazi yake kwa adabu, wakati wenzake wanashika vikombe. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa hiyo wachumaji ndio wanafika kituoni na mzigo wa kwanza.

Ile kazi ya nne, ya kunakili, ilikuwa na jina la aliyeiweka. Chelangat. Nilifunga kioo cha kompyuta nikaamua sitasema. Ni mimi peke yangu niliyeona.

Alasiri meneja akaita mkutano. "Nani alianza hii mambo?" Madam akasimama kabla sijameza mate. "Ya kwanza niliweka mimi. Hawa wengine waliweka zao baadaye tu, bila kujua. Koech aombwe msamaha, na nitaanza mimi."

Jioni ile tukazihamishia kazi zote usiku, kila moja na zamu yake, kama watu wanaogawana maji ya mfereji. Asubuhi yake tukampitia Koech nyumbani, tukaenda naye hadi kituoni. Madam akamwomba msamaha mbele ya foleni nzima, kwa Kipsigis na kwa Kiswahili, ili hata sisi wageni tusikie. Koech naye hakujua aweke wapi uso. Akamshukuru kwa Kipsigis, "Kongoi, Madam. Sasa nishikie hili gunia, watu wamengoja sana." Madam akalishika. Mizani ikatuma uzito, na kabla hajaliachilia, Koech alikuwa ameshaita mkulima mwingine.

Nisalimie Nyanya, umwambie blanketi linakuja. Msalimu kaka yangu Njoroge na mkewe, na shangazi Nyokabi wa duka la mbolea. Mama mbusu.

Na wewe, Baba, najua kila Jumapili unaniombea nihamishwe karibu na nyumbani. Tafadhali acha kwanza. Niombee nikae hapa hadi siku nitakapoweza kusimama katika mkutano kama ule, kabla ya mtu yeyote kunitaja.

Ni mimi binti yako,
Wambui