Mama Wawili

Jumatatu, 10 Machi 2014
Mashuka ya vyumba vyote nimebadilisha peke yangu. Mainjinia wanaojenga mji mpya wa Lusail wameacha vumbi hadi kwenye mito. Nimekula nimesimama, mgongo unauma. Madamu Hanan, mwenye gesti, hakuonekana leo. Grace, yule Mkenya wa mapokezi, kaniambia mama yake Madamu kaanguka huko kwao Lebanoni. Upande mmoja umepooza.

Jumatano, 12 Machi
Madamu kaniita. Anajua nilimuuguza marehemu mume wangu. Kasema nitakwenda Lebanoni kumtunza mama yake na kuiangalia gesti yao ya huko, ile ya kwenye picha ukutani. Nyumba nyeupe kilimani, bahari chini yake. Hakuniuliza. Ameshaamua. Nikarudi kufagia. Nimechoka hata kukataa.

Ijumaa, 14 Machi
Likizo yangu ilikuwa mwisho wa mwezi huu. Miaka mitatu sijamwona mama. Lakini khuruji, kibali cha kutoka nchini, lazima Madamu atie saini. Asipotia, siendi Tanga.
Grace ananishauri nikubali. Eti angalau Lebanoni kuna kilima, hapa Doha hata pa kujikwaa hakuna. Nikacheka kidogo.
Nimempigia mama. Macho yamezidi kufifia. Kasema niwahi, asije akanijua kwa sauti tu.

Jumapili, 16 Machi
Nimemwambia. Mikono nimeificha ndani ya aproni.
"Madamu, na mimi nina mama."
Akatoka, akaurudisha mlango taratibu. Afadhali angenifokea.

Jumanne, 18 Machi
Madamu ananipita kama mopu iliyoegemezwa ukutani. Namchukia. Kisha naona macho yake yalivyovimba, namhurumia, nachukia kumhurumia. Nimesugua bafu moja mara mbili bila kujijua.

Alhamisi, 20 Machi
Nilikuwa natandika kitanda, Madamu akaingia. Atakwenda mwenyewe. Gesti hii ya hapa atamwachia kaka yake. Akaniomba nimfundishe kumgeuza mgonjwa.
Nikalala pale pale, kitanda cha wageni, nikajilegeza kama gunia. Mara ya kwanza akanivuta bega, likauma. Nikamweleza apitishe mkono chini ya mgongo, goti lake aliegemeze kitandani. Akajaribu tena. Akaniinua, akanikalisha, akaniwekea mto.
"Hivi, Mwanaidi?"
"Hivyo hivyo, Madamu."
Hakuniachia. Alikuwa analia. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu kunishika hivyo. Nami nikalia.

Jumapili, 23 Machi
Madamu kaondoka asubuhi. Khuruji yangu ameshatia saini, kamwachia Grace anipe. Hakuaga.
Wageni wachache. Nimefua, nimeanika juu ya paa. Upepo wa moto, mashuka yamekauka upesi.
Nimempigia mama, nikamtajia siku ya ndege. Akauliza nikifika nipikiwe nini. Nikamwambia chochote, mradi nile nimekaa.