Skrubu ya Jenereta ya Nuu

Mwaitu, mama yangu,

Hamjambo huko Kikima? Goti lako linasemaje na baridi hii ya Mbooni? Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho imechafuka. Nimeona heri niandike, maana kwa simu ningefoka bure na wewe hujanikosea.

Najua mlinisubiri Jumamosi nipokee mbuzi za ntheo kwa niaba ya marehemu baba, ndoa ya dada yangu Kalondu ifungwe kimila. Nilikuwa hapa kwenye zahanati ya Nuu, nikipigana na jenereta. Stima ilipotea tangu wiki iliyopita, na friji ya chanjo inategemea jenereta hiyo tu. Volti zilikuwa zimeshuka hadi friji inanguruma bila kupoza. Nikakagua nyaya, nikabadilisha kifaa cha kudhibiti volti, wapi! Kumbe injini ilikuwa inazunguka polepole. Nikarekebisha skrubu ya mwendo, volti zikapanda vizuri. Ijumaa asubuhi nikafunga mkoba nije nyumbani.

Kabla sijatoka, nesi akaniita: zimeshuka tena. Nikasafisha chujio la dizeli, nikairudia ile skrubu, nikamsema vibaya aliyeiunda hiyo mashine, Mungu anisamehe. Zikapanda. Jumamosi kulipokucha, zimeshuka! Nilitaka kulia, mama. Nikairekebisha tena, kisha nikajibanza nyuma ya tangi la maji nione. Akaja mlinzi, Mzee Mutua, spana mkononi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napunguza kelele kidogo tu, fundi. Kanisa ni hapa ukutani, na hii mashini inameza maombi yote ya watu, asubuhi na jioni. Tukimaliza huwa narudisha."

"Na jana ulirudisha?"

"Aii, jana nilisahau."

Alisahau! Nikaifunika skrubu kwa bati na kufuli. Mzee akashangaa mbona nina hasira hivyo, na chanjo hazijaharibika. Hakujua habari ya ntheo. Saa hiyo wageni walikuwa wameshaingia kwetu.

Nisalimie nyanya, na mjomba aliyepokea mbuzi mahali pangu. Mwambie mke wangu asiniwekee nyama, siitaki. Ninachotaka ni Kalondu aniambie: walipomwuliza kama mbuzi zipokelewe, alijibu nini, na kwa sauti gani? Baba hayupo, na mimi kaka yake wa pekee sikumsikia.

Mwanao mwenye hasira,
Mutinda