Taa ya Njano Kabla ya Rovaniemi

Jumatatu, 15 Januari

Gari limezima tena. Safari hii njia panda ya kanisani, mbele ya lori la magogo. Honi yake niliisikia mpaka kwenye meno. Binti yangu Kaisu alikuwa pembeni yangu, mikono yote miwili juu ya tumbo. Nikageuza ufunguo – likawaka kama vile hakuna lililotokea! Ila ile taa ya injini ikabaki kwenye dashibodi. Njano. Inanitazama.

Daktari ameshatuambia: mtoto ametanguliza matako na hataki kugeuka. Uchungu ukianza tusipoteze muda, ni hospitali ya mjini Rovaniemi moja kwa moja, saa tatu za barabara ya barafu. Chumba karibu na hospitali tumepata kuanzia Februari mosi. Mpaka siku hiyo mwanangu yuko kwangu, na mimi nina hili gari kuukuu. Mume wake, Sampo, yuko baharini kwenye meli ya kuvunja barafu. Anapiga simu kila jioni: mama, gari liko salama? Liko salama, nasema. Na sauti haitetemeki hata kidogo. Nimekuwa mwongo mzuri.

Jumatano, 17 Januari

Gereji kwa fundi Jouni. Kachomeka kompyuta yake chini ya usukani, imetoa namba moja ya hitilafu: sensa ya krenki, kidude kinachopima mzunguko wa mhimili wa injini. Kama injini haijui krenki imefika wapi, inazima. Ndivyo alivyonieleza, naye akafurahi. Kasema hii ndiyo yenyewe kabisa, nirudi nyumbani nikalale.

Sensa mpya imefungwa. Taa imezimika. Nimenunua samaki wa supu na mikate ya mdalasini, nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 19 Januari

Nilikuwa naimba nini mimi?

Limezima kwenye kilima cha ziwani, giza, theluji inapiga. Nilikuwa peke yangu, ashukuriwe Mungu. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Nikalivuta kwa mikono yote miwili mpaka pembeni.

Jouni kasoma tena. Namba tatu sasa! Njia ya hewa ya injini. Gia boksi. Na sensa ya tairi la nyuma kulia. Tairi linahusiana nini na injini kuzima? Hata yeye kajikuna chini ya kofia.

"Raili, hili gari haliumwi ugonjwa mmoja. Limejaza wodi nzima."

Sikucheka. Nikamuuliza tunaanza na upi. Kabadilisha kile kidude cha njia ya hewa, kwa kubahatisha, na mwenyewe kakubali kwamba anabahatisha. Gari la kuazima hana, moja alilonalo kalichukua mchungaji. Anasikitika kweli, nimeona.

Jumapili, 21 Januari

Kaisu kampigia baba yake simu. Bila kuniuliza!

Aimo. Tangu aondoke hapa na mwanamke mmoja wa mji wa Kemi hajakanyaga kizingiti hiki. Mwanamke wa Kemi mwenyewe alishamchoka zamani, Aimo akarudi kijijini, tunasalimiana dukani kama wateja. Leo kaja na kile kigari cha kusukuma kwa mguu kwenye barafu. Leseni ya udereva kairudisha mwenyewe, macho yana mtoto wa jicho. Fundi mzima wa matrekta, anakuja kwa mkewe wa zamani akisukuma kama bibi anayekwenda kanisani.

"Bado unabamiza boneti namna hiyo?" kaniuliza, akinifuata ndani kutoka uani.

"Na wewe bado unaingia na viatu?"

Kavivua. Kaisu kacheka mpaka kashika mgongo, nikaogopa uchungu umeanza. Haujaanza. Aimo kanywa kahawa yangu vikombe vitatu, kasikiliza zile namba zote, kasema kitu kimoja tu: hizi sensa haziwezi kufa zote wiki moja, kuna kitu kinachozigusa zote. Kitu gani? Hajui. Basi ndiyo msaada huo! Nimekasirika jioni nzima, na sijui nimekasirikia nini hasa.

Jumatatu, 22 Januari

Kaisu miguu imevimba. Analala kwa kukaa.

Jumanne, 23 Januari

Ngoja niandike kabla halijanitoka.

Nimempeleka Kaisu kwa mkunga. Kurudi, kioo cha nyuma kikajaa ukungu, nikawasha hita yake. Hapo hapo redio ikakatika, taa za mbele zikafifia, injini ikashtuka. Nikazima hita – injini ikatulia! Nikawasha tena. Ikashtuka. Kaisu akapiga kelele, mama unafanya nini, unataka tulale barabarani? Nikamwambia nyamaza mwanangu, nasikiliza.

Pale kanisani nilikuwa nimewasha hita ya kiti chake. Ziwani niliwasha taa zote sababu ya theluji. Kila mara nimewasha kitu!

Nimempigia Aimo mwenyewe. Ndiyo, mimi. Akasema, "Umeme haupati njia ya kurudi, Raili. Mwambie Jouni asiondoke kesho."

Jumatano, 24 Januari

Gereji, sisi watatu. Jouni ndiye aliyeshika mita ya umeme: sindano moja kwenye injini, nyingine kwenye betri, kichwa cha hasi. Kila kitu kimezimwa – karibu na sifuri. Mimi ndani ya gari nawasha anavyoniita: taa, feni, hita ya kioo. Namba ya mita ikapanda, ikapanda, na haikupaswa! Jouni kasema neno ambalo mchungaji asingelipenda.

Betri ikatolewa. Chini ya kisahani chake kuna waya mnene wa ethi, unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye betri. Kwa juu mzima kabisa, mweusi, unapendeza. Aimo kaupapasa, macho hayaoni lakini vidole vinaona, kaukunja mara moja na gamba likapasuka. Ndani unga wa kijani. Nyuzi chache tu zimebaki.

Jouni kanieleza taratibu: kompyuta ya gari inaandika kile inachokisikia. Umeme ukiyumba, inasikia vibaya, basi inalaumu yeyote aliye karibu. Leo krenki, kesho tairi.

Waya mpya. Wamesugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, wakapaka grisi. Namba zote zimefutwa. Nimewasha kila kilichopo kwenye gari, mpaka vifuta kioo. Injini haikutikisika.

Nilitaka kumshukuru Aimo. Nikasema, "Umejipaka grisi kwenye sikio." Akasema anajua. Alikuwa hajui.

Jumamosi, 27 Januari

Siku ya tatu hakuna taa. Naamka, naenda uani, nachomoa waya wa umeme unaoipasha injini joto usiku, nawasha, nasikiliza, nazima. Kaisu anasema nimekuwa kama mtu mwenye mtoto mchanga. Jouni kaniachia kidude kidogo cha kusomea namba, nikae nacho kwenye gari.

Tatizo ni hili: sasa nasikia kila kitu. Kokoto. Mlango. Tumbo langu mwenyewe.

Jumanne, 30 Januari

Kituo cha mafuta, zaidi ya nusu ya njia. Naandika haraka.

Chupa imempasukia Kaisu wakati wa uji wa asubuhi. Gari la wagonjwa limekwenda mpakani, kuna ajali, hospitali wakasema tuanze kuja, watatupokea njiani wakiwahi. Aimo, aliyeitwa na Kaisu, alikuwa mlangoni kabla sijakata simu, viatu mkononi. Amekaa nyuma na Kaisu, anamhesabia pumzi, anakosea, Kaisu anamtukana, anaanza upya.

Injini sijaizima. Kaisu yuko chooni, Aimo amesimama nje ya mlango wa choo kama askari.

Taa imewaka. Baada tu ya daraja. Ile ile ya njano! Sijawaambia. Hita ya kioo nimezima, redio nimezima, taa za mbele ziko imara, hazififii. Injini inanguruma sawasawa – nimeweka kiganja kwenye usukani, sawasawa. Kidude cha Jouni kiko hapa kwenye mapaja. Nikikichomeka kitaniambia jina la kitu. Krenki. Tairi. Halafu nifanye nini na jina hilo, kilomita zote hizi kwenye barafu, na mtoto kakaa matako chini?

Nimekirudisha kwenye droo.

Wanatoka. Aimo kambeba! Macho yale, kwenye barafu ile – ngoja niende nikamshike mkono kwenye ngazi, halafu tunaendelea, taa na iwake.