Pemba ya Mama Mukwe

Yaya Ngalula, dada yangu mukubwa, wewe uliyebaki Manika kwa sababu bwana yako ni Mulunda wa huko, tunakuwaza. Treni inayotupeleka Kasai sisi tuliofukuzwa kwa asili yetu imekwama hapa Tenke, na mvua haikatiki.

Asubuhi nilitafuta bidonge byangu byeupe bya kukaza mifupa, bile bya kutafuna. Chupa ilikuwa tupu. Mama mukwe alikuwa amebigawia bamama benye mimba wa behewa letu.

“Si ni pemba, ule udongo mweupe benye mimba banakula?” akaniambia. “Udongo wa hospitali yenu ni mulaini kweli, hauna hata muchanga.”

Mama mumoja akauliza kama imebaki.

Nikafungua nepi za mutoto nilimoficha dawa yenyewe, ile inayolinda figo uliyonipa. Iko yote, kavu. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha nikasema, “Mama, nakuheshimu, lakini mufuko wa dawa usiuguse tena.”

Akaondoka, akarudi na ndagala za kukaanga, bale samaki badogo. “Kula na mifupa yake, basi.” Nimekula zote.

Kunywa maji mengi, Yaya, ulinde figo moja uliyobaki nayo. Hii nyingine naifikisha salama.

Mudogo wako,
Mbuyi