Viroboto Hawamjui Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeumwa tena. Vifundo vya miguu vimejaa vipele, najikuna mpaka natoka damu. Nilikuwa nalaumu mbu. Mbu gani huyu wa mchana kweupe, tena wa miguuni tu?

Leo nimempata mwenyewe. Nimelipindua kochi la mteja wangu, mama wa duka la dawa, nianze kulivua kitambaa. Nililiweka chumba cha binti yangu kwa kuwa karakana imejaa. Tumboni mwa kochi, ndani kabisa kwenye sponji, paka wetu kazaa! Vitoto vinne, macho yameshafunguka. Kumbe ndiyo maana haonekani, mbaya huyu. Nikaokota kimoja cheupe, nikapuliza manyoya. Lo! Viroboto walivyotawanyika! Sijui kuna manyoya mangapi na viroboto wangapi.

Nimekaa chini hapo hapo. Binti yangu yuko hospitali, kajifungua kabla ya wakati. Mtoto ni mdogo, mdogo kweli, wamemweka kwenye kisanduku cha joto. Akifikisha uzito wanaruhusiwa, na wanakuja kwangu. Kwenye chumba hiki hiki. Mwenyewe aliniomba, “Mama, nataka kuja kulala kwetu.” Tangu aolewe hajawahi kuniambia hivyo. Na mimi chumba chake nimewapa viroboto.

Jumanne, 4 Machi

Mzee wangu anachekelea utadhani ndiye kazaa. Paka ni wake, alimleta kwa ajili ya panya waliokuwa wanatafuna sponji zangu. Panya kweli wamekwisha, sina la kusema. Lakini huyu mume! Alikuwa fundi magari, basi vitoto kavipa majina: Nati, Bolti, Springi. Kile cheupe, chembamba, ni Waya. Nikamwambia mzee, hao usiwape majina, hatuna hakika nao. Kajifanya hasikii.

Mkwe kapiga simu. Bila shaka mzee kamwaga kila kitu. Mkwe ana adabu, hapayuki. Kauliza tu kama hao paka hawawezi kutolewa nje. Halafu kasema taratibu, mama yake naye ana chumba, si bora binti akafikie kule?

Nikamwambia hapana. Nikakata simu. Chumba ana chumba, nani kasema hana! Lakini mimi ndiye mama yake.

Nimekwenda karakana, nilikowahamishia jana, kuwatoa nje kweli. Nimewatia kwenye boksi, nikafika nao mlangoni. Waya akafungua mdomo, hata sauti haikutoka. Nikarudi nao. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa mifugo kaja. Binti mdogo tu, kavaa mabuti makubwa kuliko yeye. Nilikuwa nimeshanunua dawa ya kunyunyizia, chupa iko mkononi. Akaninyang'anya.

“Mama, hii usiwaguse nayo. Bado wachanga. Itawaua wao kabla ya viroboto.”

Kampa paka mkubwa matone ya dawa yake shingoni. Vitoto, kasema, ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nianzie shingoni viroboto wasikimbilie machoni, nikaushe hapo hapo, halafu chanuo la chawa kila siku. Kila siku! Nani atashona makochi?

Akamfungua Waya mdomo, akanionyesha ufizi. Mweupe kama karatasi. Wamemnyonya damu, kasema. Nikamuuliza ataishi? Akasema tumuoshe, tumpe joto, tuone. Nimezoea hiyo “tuone.” Hata kule hospitali ndiyo wanayotupa.

Wakati anaondoka akageuka. “Mama, hawa unaowaona kwenye paka ni wachache. Wengi wako nyumbani, kwenye nyufa, mayai na vifuko wanamokulia.” Sikupenda kusikia. Nilikuwa nimeshachoka.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeosha. Mzee kashika, mimi nimepaka sabuni. Beseni la kwanza maji yakawa mekundu, kama nasuuza kitambaa kinachochuja rangi. Kumbe ule uchafu mweusi kwenye manyoya ni damu, viroboto wanakunya damu! Nikamwaga, nikajaza jingine.

Nati na Bolti wamelia, wamekwaruza, wana nguvu zao. Springi kamkojolea mzee, mzee kafurahi. Nimechana, kila kiroboto nimemtumbukiza kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Wengine nimewaponda kwa kucha nikiwatukana. Matusi niliyotoa leo, mama yangu angefufuka anichape.

Waya hakulia. Nimemkausha kwa kitambaa laini cha foronya, nikamtia kifuani ndani ya blauzi. Moyo wake unapiga haraka haraka. Nimeshona mto mzima naye yumo humo.

Jumapili, 9 Machi

Waya kafa. Humo humo kifuani.

Mzee kamzika nyuma ya karakana.

Nimelia hadi nikajionea aibu. Paka! Mtu ana mjukuu hospitali analilia paka. Lakini nikifumba macho sioni paka, naona kile kisanduku cha joto.

Jumatano, 12 Machi

Mama wa duka la dawa kaja kuulizia kochi lake. Ningeweza kumpa, lilikuwa limebaki kushonwa mgongo tu. Nikamwambia ukweli wote. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja sketi yake. Kasema nilichome tu moto, hataki hata uzi wake. Na ndugu zake waliokuwa waniletee viti vyao, hao nisiwahesabu tena. Sawa. Tumelichoma uani. Jirani kachungulia juu ya ukuta kauliza kulikoni, nikasema mazoezi ya kuzima moto.

Halafu chumba. Nimetoa kitanda, pazia, kila kitu. Nimefagia, nimemwaga maji yanayochemka, nimefagia tena, nimepuliza dawa kila kona, nikarudia leo leo mara ya pili. Mgongo hauna adabu tena. Sakafu yenyewe ni mbao za zamani, zimeachana, ukiangusha sindano hujaipata tena. Sikuipenda kabisa nilivyoiangalia. Mtoto mdogo vile, na ubaridi unaopanda kutoka kwenye hizo nyufa?

Ijumaa, 14 Machi

Leo walau nimepumua! Nilikuwa na zulia jipya, rola nzima, limebaki kwenye kazi ya ofisi fulani. Rangi ya maziwa. Nimelitandika ukuta hadi ukuta, nimelivuta sawasawa, nikalipiga pini za stepla pembeni pote. Hakuna hata mkunjo. Mkono wangu huu bado upo. Mzee kasimama mlangoni, kasema chumba kama hiki hata yeye angekubali kuzaliwa upya. Nikamwambia sisi wengine hatutakubali kumlea.

Nimepuliza dawa juu tena, nikafunga mlango kwa ufunguo. Haingii mtu wala paka mpaka mwenyewe aje. Nimekwenda kulala nimejinyoosha.

Jumanne, 18 Machi

Furaha yangu haikai. Sebuleni bado wamo. Jikoni bado wamo. Nachana paka, nafua, nachemsha mashuka, nafagia chini ya makochi, namwaga takataka mbali. Mikono imechubuka, sindano naishika kwa shida. Kazi zimelala, wateja wananuna. Nati kaanza kunona, angalau. Namchukia na namwosha.

Leo nimekwenda hospitali. Hatimaye walisema bibi anaweza kumshika mtoto dakika chache. Nimenawa, wamenivisha gauni, nimenyoosha mikono. Nesi akaziona alama. Kasogea karibu, kauliza kwa upole, “Mama, huo ni upele?”

Nikasema ni viroboto tu. TU! Mdomo huu!

Wamenitoa. Si kwa ubaya, lakini wamenitoa. Nimemwangalia mjukuu wangu nyuma ya kioo. Kavaa kofia, mkono wake ni kama kidole changu. Binti yangu kaniambia kwa ishara nisijali. Nimemwonyesha ufunguo wa chumba, nikautikisa, akacheka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu njia nzima. Sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Sijaumwa tangu Ijumaa. Mzee pia. Nimetembea sebuleni nimevaa soksi nyeupe za mzee, nimezivua, nimezikagua juani: hakuna kitu! Vitoto vitatu vinafukuzana karakana, chanuo linatoka tupu. Naogopa hata kuandika.

Na simu imekuja. Uzito umefika! Wanaruhusiwa kesho. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Kaniambia mama mkwe wake alikwenda wodini na nguo za mtoto, kamsihi sana aende kwake. “Nimemkatalia, Mama. Nimemwambia nakwenda kwa mama yangu.”

Ee Mungu, asante. Asante.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nimekaa kwenye stuli ya cherehani kwa sababu sijui nifanye nini na mikono yangu.

Asubuhi nimefungua chumba. Nimebeba mashuka, pazia, na kigodoro nilichomshonea mtoto. Nimevua viatu mlangoni nisichafue zulia. Nimepiga hatua, nikasimama katikati, nikaanza kukung'uta shuka. Nikasikia miguu inawasha.

Nikatazama chini. Miguu yangu myeusi! Hadi magotini! Wanaruka kutoka zuliani kama mafuta ya kukaanga, zulia lile la rangi ya maziwa, wanapanda, wanapanda. Nimetupa kila kitu nikatoka mbio, nimefunga mlango, nimeziba chini kwa taulo lililolowa.

Nimempigia daktari wa mifugo. “Mama, ulitandika zulia juu ya nyufa? Ukafunga mlango?” Nikasema ndiyo. Kasema dawa haiingii kwenye vile vifuko. Wanakaa humo tuli, wiki nyingi tu, na pasipopita mtu hawana haraka. Wakisikia kishindo, wote wanatoka. Kasema ningekuwa naingia kila siku, nakanyaga, nafagia, wangekuwa wametoka kidogo kidogo na kufa. Mimi nikawatandikia zulia na kuwafungia mlango. Nilikuwa naogopa kulichafua!

Mzee anang'oa pini za stepla kwa bisibisi. Namsikia. Anakohoa dawa, anajisemea atamaliza sasa hivi. Hatamaliza.

Kwa binti yangu simu haipokelewi. Mkwe naye vilevile. Watakuwa wameshatoka, wako kwenye teksi.

Kwa hiyo nimempigia yule mama mwenzangu, mama wa mkwe. Nimesema haraka kabla sijabadili mawazo. Nimesema, dada, nakuomba uwapokee. Nilitegemea anicheke kidogo, nilikuwa tayari. Hakucheka. Kasema, “Chumba kiko tayari, dada. Nilikitandika siku ile ile mwanangu aliponiambia kuhusu paka.” Sauti ya upole kabisa. Nimemshukuru. Afadhali angenitukana.

Honi. Ni wao.

Nawaona dirishani. Mkwe anatoa mabegi. Mabegi yote, jamani. Binti yangu kashuka, kakonda, kavaa kanga ile niliyompelekea. Anaita, “Mama! Mama, uko wapi? Njoo umshike!” Anakuja mlangoni, kamtanguliza mtoto mbele kwa mikono miwili.

Nimejikagua. Kuna mmoja mkononi, na mwingine kwenye kola. Nimepiga komeo kwa ndani.

Anagonga.