Hotuba ya Gavana Iliyosahau Riba

Acha unachofanya usome hii. Dada yangu amemharibia Gavana wa Benki Kuu hotuba. Mbele ya kamera!

Si unajua yeye ndiye anayemwandikia hotuba, na bado yuko kwenye miezi ya majaribio? Basi kila mkurugenzi alimletea tamathali yake. Mmoja anataka uchumi uwe mgonjwa, mwingine anataka uwe ndege. Naye, mtoto wa watu, akazitia zote.

Gavana kasimama, uso mkavu: "Mgonjwa wetu ametoka chumba cha mahututi, amefunga mkanda, na sasa tunashusha magurudumu." Mabosi wa mabenki wakatikisa vichwa eti wameelewa. Mgonjwa ana magurudumu!

Halafu mwanahabari mmoja mkorofi akauliza, "Mheshimiwa, kwa hiyo riba imeshuka au haijashuka?"

Gavana akafunua karatasi. Akafunua tena. Riba haimo! Dada alihangaika na magurudumu mpaka akasahau sentensi ya riba. Siku ya kutangaza riba, jamani!

Gavana akamkazia dada macho, kisha akasema, "Mgonjwa... anaendelea vizuri." Na wanahabari wakaandika. Wote wakaandika!

Kazi imepona kwa sharti moja: kabla ya saa kumi alete taarifa ya mstari mmoja kwamba riba imeshuka. Bila mgonjwa, bila ndege.

Yuko hapa mezani, jasho linamtoka. Sasa hivi ameniuliza, "Hivi mdogo wangu, nikiandika 'riba imeshuka' tu, hawatasema nimeropoka?"