Nyota Niliyodhani ni Taa ya Voi

Mjukuu wangu Mghoi,

Mungu akutunze huko Kisumu. Hapa Wusi, juu milimani, tu wazima, mahindi yamechanua, na babu yako anachungulia ninachoandika.

Umeniuliza kama nyota zina rangi. Zina, mama. Babu yako alipokuwa bado mchumba wangu, kazi yake ilikuwa kuwasha taa za stesheni ya Voi. Akaniahidi, "Ukimaliza sala ya jioni tazama huku chini, nitakuinulia taa." Nikatazama, na kweli nikaona kitaa hafifu cha rangi ya machungwa. Nikafurahi sana.

Lakini wiki zilivyopita, saa ileile ya sala, nilikikuta kimepanda zaidi, hadi kikaiacha ardhi kabisa. Nilidhani rangi ile ni ya vumbi la bondeni, kumbe hata juu ilibaki vilevile. Nikaanza kujiuliza kama huyu mtu alishika ahadi yake kweli.

Jumapili alipokuja kututembelea nikamngoja hadi jioni, nikamwonyesha. "Siku hizi taa unaiwashia mbinguni?"

Akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni nyota, bibie! Basi taa yangu imezibwa na kilima. Siku zote hizi nimekuwa nikikipungia kilima!"

Tangu hapo tuliitazama nyota hiyo, yeye Voi, mimi Wusi, hadi tukaoana.

Kwa nini ina rangi ile, mpaka leo sijui. Muulize mwalimu wako, uniandikie. Halafu itafute huko jioni. Sisi wawili bado tunaitazama.

Nyanya yako,
Wakesho